Sketi Mbili za Bibi Marta

Halima na Yosefu, siku mliyoniaga pale dukani nilipostaafu mlinipa kitenge, keki na daftari kubwa, mkasema niandike yote ninayoyajua kuhusu vitu vya kale ili yasiondoke na mimi. Kitenge nimeshashona. Keki waliimaliza wajukuu. Daftari limenishinda wiki tatu sasa, kwa sababu kila nikianza kuandika ninachokijua, kalamu inakwenda yenyewe kwenye yale ambayo sikuyaelewa. Basi nitaandika hivyo hivyo, nikifuata miaka, na mkiona nimechanganyikiwa mahali mjue ni kweli nimechanganyikiwa. Msisingizie uzee.

Nilianza kazi kwa kufuta vumbi. Mzee Idi alikuwa fundi saa hapa Katesh, mtu wa Kondoa kwa asili, na watu walipoleta saa zilizokufa walileta na vitu vingine vilivyokufa. Duka lake likajaa karabai, pasi za mkaa, santuri na redio za mbao mpaka yeye mwenyewe akawa anakaa nje kwenye kigoda. Marehemu baba yangu, aliyekuwa akiuza nguo upande wa pili wa barabara, akamwambia, "Mchukue huyu binti akusaidie, hapa kwangu anapiga soga na wateja tu." Ndivyo nilivyoajiriwa.

Siku ya kwanza Mzee alikwenda kuswali adhuhuri akaniacha peke yangu. Nikaona taa moja ya shaba imechujuka, ya kijani kibichi kwenye mikunjo, ya kahawia kwingine. Nikachukua jivu na limau nikaisugua kwa moyo wangu wote. Ilipong'aa niliiweka mbele kabisa, mlangoni, nikasubiri sifa. Mzee aliporudi aliitazama, akavua kofia, akakaa.

"Binti yangu," akasema, "hii taa nilipotoka ilikuwa na miaka themanini. Sasa ina dakika ishirini."

Hakunifukuza. Alinieleza kwamba ile rangi mbaya ndiyo cheti cha kuzaliwa cha shaba, na ukiifuta hakuna ofisi itakayokuandikia kingine. Nilielewa maneno, lakini jambo lenyewe lilinichanganya, na nadhani lilinichanganya mpaka mwisho wa kazi yangu. Kwetu mtoto analelewa akijua kwamba kitu cha heshima kinasafishwa. Kumbe kuna kazi ambayo heshima ndiyo inayoharibu.

Na watu wa huku wana heshima. Hakuna mkulima wa Gehandu au Masakta atakayepeleka kitu kwa mgeni kikiwa kichafu. Namkumbuka mzee mmoja wa Masakta aliyekuja na rupia tano za Mjerumani amezifunga kwenye leso. Alikuwa amezisugua kwa steeliwaya na majivu, jioni tatu mfululizo, mpaka kichwa cha mfalme kimekuwa laini kama kifungo cha shati. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba, akafungua leso, akasema, "Nimekusafishieni, msije mkasema watu wa Masakta wametuletea uchafu." Mzee Idi alimshukuru kwa mikono miwili. Mteja alipoondoka, Mzee akaniuliza kama kuna chai.

Kwa hiyo la kwanza mnaloweza kuwafaa nalo watu ni hilo. Mtu akipiga simu kusema ana kitu, kabla ya kumwuliza ni kitu gani, mwambieni asikioshe.

Zana zetu mnazijua, bado ziko kwenye droo. Kioo cha fundi saa cha kubana jichoni, sumaku, mizani ndogo ya sonara, sindano, pamba, na taa ya mkono. Sumaku itawaambia kama "shaba" ni bati lililopakwa rangi. Bangili za Wabarbaig zinataka jicho zaidi, kwa sababu wahunzi wao bado wanafua mpaka leo, kwa nyundo zile zile na mkono ule ule, wakiyeyusha makufuli na mabomba ya maji. Ya mwaka huu na ya bibi yake bibi zinafanana kama mapacha. Angalieni ndani ya bangili, si nje. Mkono wa mtu unalainisha upande wa ndani polepole, na kingo zake zinalala. Anayetaka kudanganya anaisugua na mchanga, na mchanga unaanza nje.

Cherehani nisiziseme sana. Kuna miaka watu walikuwa wakiambizana kwamba cherehani za zamani zina zebaki ndani ya sindano na kwamba kuna tajiri fulani anaitafuta. Walikuja nazo kwa bodaboda, kwa punda, mmoja kwa machela kama mgonjwa. Nilichoka kusema hapana. Mzee Idi akanifundisha kuuliza, "Bado inashona?" Wakisema ndiyo, niwaambie basi hiyo ndiyo thamani yake, mrudishieni mama.

Fundisho lake kubwa lilihusu moshi, na hili nalisema taratibu kwa sababu ndilo lililokuja kuniponza. Katika nyumba za Mbulu, na nyingi za huku Hanang, kitu cha maana kinawekwa darini juu ya jiko. Moshi unafukuza wadudu, ngozi haiozi, kibuyu hakitoboki. Lakini moshi hauulizi umri. Kigoda kilichochongwa juzi kikikaa darini masika mawili kinashuka kimekuwa cheusi kama cha babu. "Moshi ni shahidi anayehongeka," Mzee alikuwa akisema. "Ukiona masizi, angalia pengine." Nikaishi na neno hilo zaidi ya miaka ishirini na likaniokoa mara nyingi.

Mzee Idi alipofariki mwanawe aliniachia kuendesha duka. Nilimlilia kama baba, kisha nikajikuta naota mabawa. Nilikwenda mjini kwenye mafunzo ya wiki moja kuhusu vitu vya kale, nikarudi na fomu. Zamani mtu aliuliza, Mzee akajibu kwa mdomo, mkaagana. Mimi nikaanzisha karatasi ya maoni. Jina la mwenye kitu, maelezo ya kitu, na chini kabisa visanduku viwili, kimoja HALISI na kingine NAKALA. Unatia alama, unasaini, unapiga muhuri. Watu waliipenda karatasi ile kuliko vitu vyenyewe, na mimi, niseme ukweli, niliupenda muhuri.

Karibu miaka mitano kabla sijastaafu, asubuhi moja ya siku ya mnada, waliingia dada wawili wakicheka. Mkubwa aliitwa Yuliana, anaishi Masieda karibu na mama yao. Mdogo, Felista, aliolewa Gehandu. Kila mmoja alikuwa na mfuko, na ndani ya kila mfuko mlikuwa na sketi ya ngozi ya mbuzi iliyotiwa shanga, zile walizokuwa wakishonewa mabinti wa Kiiraqw enzi za bibi zao. Sketi kama hizo zimebaki chache. Nilipoziona zikiwa mbili mezani nilifuta mikono kwanza.

"Dada, sisi tuna ubishi," Yuliana akasema. "Mama alimpa kila mmoja wetu sketi siku ya harusi yake. Mimi aliniambia hii ndiyo ya bibi yako, itunze."

"Na mimi aliniambia vivyo hivyo," Felista akasema. "Hii ndiyo ya bibi yako, itunze. Sasa bibi tulikuwa naye mmoja, Bibi Marta, na alikuwa na sketi moja, kila mtu kule Masieda anajua."

"Mama mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

Wakatazamana, wakacheka tena. "Tumemwuliza," Yuliana akasema. "Anasema zote mbili ni za bibi. Ndiyo uzee huo dada, siku hizi anasahau hata kama ameshakula."

Na mimi nikacheka. Nawaandikia hili mlijue. Nilipewa jibu mlangoni, kabla sijabana kioo jichoni, na nikalicheka.

Nilianza na shanga. Za Yuliana zilikuwa za kioo, zile za zamani kabisa, hakuna mbili zinazolingana, matundu yamekaa upande, rangi imezama ndani. Zilishonwa kwa kano za ng'ombe. Za Felista zilikuwa za dukani, saizi moja, zimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Ngozi yake ilikuwa nyeusi, ngumu, imeshiba mafuta na masizi. Ya Yuliana ilikuwa nyepesi na ya kahawia. Mtu asiyejua kazi angesema ile nyeusi ndiyo ya kale. Mimi nilijua kazi. Nikasema moyoni, moshi huo, nikaangalia pengine.

Sikuigeuza. Ilikuwa imekakamaa, nikaogopa itapasuka, na nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Nikajaza karatasi mbili. Ya Yuliana nikatia alama kwenye HALISI, ya Felista kwenye NAKALA. Nikapiga muhuri mara mbili, tena kwa mbwembwe.

Felista aliichukua karatasi yake akaisoma. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Kwa hiyo mama alinidanganya," akasema.

"Labda alitaka tu usijisikie vibaya," nikamwambia. Nilidhani nafariji.

"Siku ya harusi yangu," akasema. "Mbele ya watu." Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye kifua cha gauni, akaniambia asante dada, akatoka. Yuliana akabaki ameshika ya kwake kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani.

Miezi saba au minane ikapita. Nilikuwa nimeshasahau, kusema kweli nilikuwa nikijisifia kesi ile kwa wageni. Kisha Yuliana akaja peke yake. Alinikuta nafungua duka, akakataa kukaa.

"Felista haendi tena kwa mama," akasema. "Alikuwa anakuja kila mwezi na maziwa na unga. Tangu karatasi yako hajakanyaga. Mama anaumwa, analala tu, kila akisikia hodi anauliza, ni Felista? Juzi nikashindwa, nikamwambia habari ya karatasi."

"Akasemaje?"

"Akakaa. Mtu ambaye hajakaa wiki mbili. Akaniambia, 'Nilikuwa na sketi moja ya mama yangu na mabinti wawili. Felista alipozaliwa nikaigawa. Shanga nikazitoa nikakushonea wewe kwenye ngozi mpya, ngozi nikamwekea Felista, nikaitafutia shanga nyingine. Ningempa mmoja wenu yote?' Ndivyo alivyosema."

Nilimwomba Yuliana anionyeshe ya kwake, alikuwa amekuja nayo. Safari hii niliigeuza. Nyuma yake kulikuwa na mstari mmoja tu wa matundu ya sindano, kila tundu lina kano yake. Ngozi haijawahi kushonwa kabla. Shanga za bibi, ngozi ya mama. Ya Felista, kama mama yao alisema kweli, ingekuwa na matundu matupu ya zamani pembeni ya yale ya uzi wa nailoni. Yalikuwepo siku ile mezani pangu, chini ya mkono wangu.

"Sasa uende ukamwambie," Yuliana akasema. "Mimi hanisikii. Nikipiga simu anasema, wewe una karatasi yako, tulia nayo. Wewe ndiye uliyeandika, wewe ndiye wa kufuta."

Nikasema nitakwenda. Gehandu si mbali, mnajua wenyewe. Lakini sikwenda siku ile, wala kesho yake. Nilikuwa sijui nitasema nini. Jioni nilikaa na fomu mbili mpya mbele yangu nikijaribu kuzijaza upya. Je, ya Felista sasa ni HALISI? Basi ya Yuliana yenye shanga za bibi ni NAKALA? Au zote ni halisi? Lakini bibi alivaa sketi moja. Au zote ni nakala, na ile halisi haipo tena duniani, imekufa ikazaa mbili? Nikachanganyikiwa kabisa. Mpaka leo sijui siku ile ya mnada nilitazama sketi ngapi. Mara naona mbili, mara moja, na nikiwa nimechoka naona tatu.

Mtu mwenye akili angeacha fomu akapanda bodaboda. Mimi niliona aibu kwenda mikono mitupu. Picha ya sketi ya Yuliana, niliyoipiga kwa simu kabla hajaondoka, nikamtumia yule mwalimu wa mafunzo ya mjini, nikamwomba anipe neno sahihi la kitu kama hicho. Nilitaka nikifika kwa Felista niwe na karatasi nyingine, nzuri kuliko ya kwanza. Nikasubiri jibu. Wiki moja, kisha ya pili. Nilikuwa nikiangalia simu kuliko wasichana wa shule.

Jibu halikuja. Siku ya kumi na sita alinipigia Yuliana, akaniambia mama amefariki alfajiri.

Nilikwenda Masieda kuzika. Walinipokea vizuri, na hilo liliniumiza zaidi. Wanaume walikuwa wameshachimba, kina mama wa jumuiya wanaimba polepole uani, mahindi yamesimama mpaka ukutani mwa nyumba. Felista alikuwa amefika usiku wake. Hakulia kwa sauti. Alikaa na wafiwa, amefunga kanga kichwani, na mtu akimwambia pole anaitika tumeshapoa, basi. Nilisubiri mpaka watu wamekula na wengi wametawanyika ndipo nikamfuata nyuma ya nyumba, alikokuwa akiosha sufuria ambazo hakuna aliyemwambia aoshe.

"Pole sana, Felista."

"Asante dada. Tumeshapoa."

Nikamwambia yote, nimesimama, bila kuzunguka. Kwamba nilikosea. Kwamba mama yake aliigawa sketi ili wapate sawa. Kwamba sikuigeuza ngozi yake. Kwamba dada yake aliniletea habari zaidi ya wiki mbili zilizopita na mimi nikakaa nayo.

Alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na mfuko. Alikuwa amekuja nayo. Sikumwuliza kwa nini, labda alitaka kumrudishia mama. Akanipa. Nikapiga magoti kwenye nyasi nikaigeuza taratibu kwenye mwanga wa jua, na haikupasuka. Yalikuwepo. Matundu madogo matupu, mamia, yamezibwa na mafuta na masizi, yamepinda kwa mistari na pembe zile zile nilizoziona kwenye shanga za Yuliana. Mtu angeweza kuilaza sketi moja juu ya nyingine na kila ushanga ungepata mahali pake.

Nikamshika kidole nikakipitisha juu ya matundu yale ili ayasikie. Alipitisha mara moja, akarudia peke yake, mpaka mwisho wa pindo.

"Ni ya bibi?" akauliza.

"Ni ya bibi. Na ya dada yako pia." Kisha nikaona hata hilo nalisema kwa uhakika mno, nikaongeza, "Nadhani. Sijui niiteje, Felista. Nimetafuta neno lake wiki mbili sijalipata."

Alinitazama bila hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Akaikunja sketi, akairudisha kwenye mfuko, akauweka kwapani.

"Siku ile dukani ungesema hivyo tu," akasema, "kwamba hujui, ningekwenda kumwuliza mama tena."